Kikombe Hununuliwa Kitupu: Jinsi ya Kuchagua Magi Kubwa ya Kauri

Mezani kwangu kuna kikombe kikubwa cha rangi ya buluu iliyoiva, tumbo la mviringo, mng'aro kama wa kioo. Kazi yake ni kushika kalamu. Nilikinunua ninywee chai, na wiki mbili za mwanzo nilijitahidi kweli. Lakini mkono wake ulipitisha vidole viwili tu, na kila nilipokinyanyua kikiwa kimejaa, kifundo cha kidole cha tatu kiligusa ukuta wa moto. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hicho kilijiuza, na mimi nikauziwa.

Kosa langu ni la kawaida. Dukani mtu hushika kikombe kitupu, cha baridi, kwa sekunde kumi. Nyumbani atakishika kimejaa, kina moto, kila siku, pengine macho yenyewe hayajafunguka vizuri. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zina shabaha moja: ukione kikombe kikiwa kimejaa kabla hujakilipia.

Hatua ya 1: Pima unachokunywa

Magi ya kawaida hubeba mililita 300 hadi 350. Kuanzia 400 watu huanza kuiita kubwa, na zipo za 600 na zaidi. Kabla namba hazijakuvuta, chukua kikombe unachotumia sasa, tia maji mpaka pale unapoishia kutia chai kila siku, kisha mimina kwenye jagi la vipimo. Kama huna jagi hilo, mizani ya jikoni inatosha, maana mililita 1 ya maji ina uzito wa gramu 1.

Kuna jambo linalowapotosha wengi hapa. Ujazo unaoandikwa kwenye kibandiko mara nyingi ni wa kujaza hadi ukingoni kabisa, maji yakiwa yanataka kumwagika. Hakuna anayekunywa hivyo. Kikombe chenye upana wa ndani wa sentimita 9 hupoteza mililita 64 hivi kwa kila sentimita 1 unayoiacha wazi juu. Ukiacha sentimita moja na nusu, nafasi ambayo mtu huhitaji ili atembee nacho bila kumwaga, mililita 95 zimekwenda. Kilichoandikwa 450 kimekuwa 355, yaani magi ya kawaida tu iliyojazwa pomoni.

Ukinunua mtandaoni utakutana na aunsi. Aunsi 1 ya Marekani ni mililita 29.6, kwa hiyo 12 ni kama 355, 16 ni 473, na 20 ni 591. Kwa matumizi ya kila siku mimi huona 16 inawatosha watu wengi. Ile ya 20 inamfaa anayekunywa supu humo, au asiyetaka kabisa kuinuka kwenye kiti.

Hatua ya 2: Kibebe kikiwa kimejaa, hata kama hakijajaa

Kikombe kinene cha mililita 500 chenyewe kinaweza kuwa na nusu kilo. Ongeza nusu lita ya kinywaji, unapata kilo 1. Sasa nenda jikoni, chukua kitu chochote cha kilo 1, pakiti ya unga au ya sukari, uishike kwa vidole vitatu huku mkono umenyooka mbele. Kaa hivyo sekunde ishirini. Kiwiko kikianza kulalamika, umepata jibu bila kutoa hata senti.

Dukani, tumia kitu ulicho nacho. Chupa ndogo ya maji ya nusu lita iliyojaa ukiitumbukiza ndani ya kikombe, kama mdomo unairuhusu, utauhisi uzito wa kweli palepale. Wauzaji hukutazama kwa mshangao kidogo, lakini sijawahi kukatazwa. Kishikilie kikombe kwa kiganja cha pili unapofanya hivyo, usije ukanunua kilichovunjika.

Hatua ya 3: Mkono wa kikombe

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko kwingine kote, kwa sababu rangi utaizoea na umbo utalizoea, ila mkono mbaya hauzoeleki.

Hesabu vidole kwanza. Kidole cha mtu mzima kina upana unaokaribia sentimita 2. Mkono wa kupitisha vidole vitatu kwa raha unahitaji nafasi ya ndani ya sentimita 6 hivi kwenda chini, na wa vinne unahitaji 8. Kikombe kikubwa cha vidole viwili ni mapambo. Uzito wa kilo nzima ukiegemea vidole viwili, kikombe huanza kuinama chenyewe kabla hakijafika mdomoni, na kidole cha tatu kitakimbilia chini ya mkono wa kikombe kwenda kukizuia. Huko ndiko kinakoungulia.

Kisha angalia umbali kati ya mkono na ukuta. Pitisha vidole, kunja ngumi kama unavyoshika kweli, halafu tazama kama vifundo vinagusa ukuta. Dukani kugusa hakuumi, ndiyo maana hukumbuki kuangalia. Ukitaka uhakika, jaribu kupitisha kidole gumba cha mkono wa pili kati ya vifundo na ukuta. Kisipopita hata ncha, rudisha kikombe rafuni.

Tatu, pale mkono unapoungana na mwili. Mfinyanzi huubandika mkono kwa udongo mwepesi kama uji kabla ya kuchoma, na maungio hayo mawili ndiyo hubeba uzito wote. Geuza kikombe kwenye mwanga, fuatilia ungio la juu kwa ukucha. Mstari mwembamba kama unywele hapo ni ufa, hata kama umefunikwa na rangi ya kung'aa. Usikubali kuambiwa ni urembo.

Mwisho, umbo la mkono wenyewe likikatwa katikati. Ulio bapa na mwembamba kama ukanda hukata vidole kikombe kikijaa, na ulio mviringo kabisa huzunguka mkononi. Unaofaa uko katikati ya hiyo miwili: bapa kidogo, kingo zimelainishwa, na juu pana pahali pa kuegemeza kidole gumba.

Hatua ya 4: Mdomo, tumbo na joto

Kinywaji hupoteza joto lake jingi kupitia juu, mvuke unapotoka. Kikombe chenye mdomo wa sentimita 10 kina uso wa wazi unaozidi wa kile cha sentimita 8 kwa zaidi ya nusu. Tofauti ya sentimita 2 inaonekana ndogo kwa macho, lakini kwenye kikombe ambacho utakaa nacho dakika arobaini unaihisi ulimini. Ukipenda kunywa taratibu, tafuta kirefu chenye mdomo mwembamba kiasi, au kinachouzwa na kifuniko. Ukipenda kunywa mara moja uondoke, mdomo mpana ni rafiki yako.

Kuhusu unene wa ukuta, watu husema kinene hutunza joto. Ni kweli nusu. Kikombe kinene kwanza huiba joto, ndipo hulitunza. Piga hesabu: kikombe cha gramu 450 kilichokaa kwenye hewa ya nyuzi 25, ukikitia mililita 400 za maji ya nyuzi 95, maji na kikombe vikishalingana joto utakuta nyuzi 82 hivi. Nyuzi 13 zimeliwa na udongo. Dawa ni rahisi: kitie maji ya moto dakika moja, yamwage, ndipo utie kinywaji. Anayeona hiyo ni kazi ya ziada, basi achague cha ukuta mwembamba.

Ukingo nao uguse kwa mdomo wa chini, kama duka linaruhusu, au kwa kidole kama haliruhusu. Mnene sana hufanya tone lishuke nje kila unapokunywa, na tone hilo ndilo huacha duara mezani. Uliochongwa ukawa mwembamba kuelekea juu, ukiwa umefunguka nje kidogo, hukata kinywaji vizuri.

Pia pima urefu. Mwenye mashine ya kahawa akumbuke kwamba kikombe lazima kipite chini ya mrija wake. Nimeshaona mtu akikiinamisha kikombe chake kila asubuhi kwa sababu kimezidi nusu sentimita.

Hatua ya 5: Udongo wenyewe

Neno kauri hubeba vitu vingi, na kwenye kibandiko utakutana na majina manne.

Udongo wa kawaida wa kuchomwa, mara nyingi mwekundu au rangi ya maziwa kwa ndani, huchomwa kwa nyuzi 1,000 hadi 1,150 hivi. Ni mwepesi kupata rangi kali, lakini hubaki na vitundu vidogo vinavyonyonya maji, na humeguka ukingoni upesi. Ukinyonya maji halafu ukauweka kwenye mikrowevu, kikombe chenyewe huwa moto kuliko kinywaji. Kwa kutazama ni mzuri. Kwa kilo moja kila siku, hapana.

Stonwea ni udongo mgumu uliochomwa kwa nyuzi 1,200 hadi 1,300, ukashikamana kama jiwe. Ni mzito, mvumilivu, na vikombe vingi vya kufinyangwa kwa mkono ni vya aina hii. Kama sijui nimchagulie mtu nini, huenda moja kwa moja huku.

Poseleni ni nyeupe, ngumu, na hainyonyi maji karibu kabisa: chini ya nusu asilimia ya uzito wake. Huruhusu ukuta mwembamba bila kuwa dhaifu. Ukikiinua kikombe chake chembamba mbele ya taa, unaona kivuli cha kidole chako kikipita upande wa pili.

Ya nne ni kauri ya mifupa, ambayo Josiah Spode wa Stoke-on-Trent, Uingereza, aliikamilisha mwishoni mwa karne ya 18. Ndani yake mna majivu ya mifupa ya ng'ombe, ndiyo maana ni nyeupe ya joto, nyepesi na imara kuliko inavyoonekana. Ni chaguo la kwanza kwa anayetaka kikombe kikubwa kisichochosha mkono. Ila ukimpelekea zawadi mtu asiyetumia chochote kitokacho kwa mnyama, muulize kwanza kwa njia ya mzunguko.

Kibandiko kikikosekana, geuza kikombe. Chini kabisa kuna duara lisilopakwa kitu, ambalo kikombe hukalia. Lowesha kidole, weka tone dogo la maji hapo. Likinyonywa mara moja ukabaki weusi wa unyevu, udongo una vitundu. Likikaa juu kama tone kwenye jani, umeshika stonwea nzuri au poseleni.

Hatua ya 6: Ngozi ya ndani na rangi

Ule mng'aro wa nje na ndani ni kioo chembamba kilichoyeyushwa juu ya udongo. Kikombe kikipoa tanurini, kioo na udongo husinyaa, na kioo kikisinyaa zaidi ya udongo hupasuka nyufa ndogo kama utando wa buibui. Wengine huzitengeneza makusudi kwa urembo. Nje ya chombo cha maua zinapendeza. Ndani ya kikombe cha kila siku hujaa rangi ya chai na uchafu usiofikiwa na sponji, kwa hiyo zipite.

Jambo zito zaidi ni risasi na kadimi, madini yaliyotumika kwa muda mrefu kuleta mng'aro na rangi kali kama nyekundu na manjano. Yakichanganywa au kuchomwa vibaya huvuja, hasa kinywaji kikiwa kichachu au cha moto. Vipimo vya maabara hutumia asidi ya siki ya asilimia 4 kwa saa 24. Kwa vikombe, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, huchukua hatua risasi ikifika mikrogramu 0.5 kwa mililita. Nyumbani huwezi kupima hivyo, lakini unaweza kuchagua kwa akili: ndani pawe peupe au rangi tulivu isiyo na michoro, na nje sentimita 2 za juu zisiwe na rangi iliyochorwa, kwa kuwa hapo ndipo mdomo hugusa. Tafuta alama ya glasi na uma, inayotumika Ulaya kuonyesha chombo kinafaa kugusana na chakula. Kikombe cha zamani cha kuokota au cha kurithi kisichojulikana kilikotoka, kiache kishike kalamu pamoja na cha kwangu.

Ndani peupe kuna faida nyingine: uchafu hauna pa kujificha. Mng'aro uliofifia, ule wa kugusa kama chaki, ni wa kisasa na unapendeza pichani, lakini kijiko huuchora mistari ya kijivu. Mistari hiyo si mikwaruzo. Ni chuma cha kijiko kilichobaki juu, na hutoka kwa kusugua polepole na bikaboneti ya soda iliyoloweshwa. Soda hiyohiyo huondoa ukoko wa kahawia wa chai.

Ukingo wa dhahabu au fedha ni metali halisi. Usiingie mikrowevu, utatoa cheche.

Hatua ya 7: Ukaguzi wa dakika moja

Kiweke mezani, kisukume ukingoni kwa kidole. Kikitikisika, kitako hakiko sawa. Kiweke juu ya kiganja kilichofunguka na ukigonge kwa ukucha: sauti inayolia na kudumu ni nzuri, mlio uliokufa kama wa kugonga mbao unaweza kuwa ufa usiouona. Pitisha kidole kuzunguka ukingo wote. Duara la chini lipitishe nyuma ya kiganja. Likikukwaruza, litakwaruza na meza. Hilo si la kukataa kikombe, msasa laini uliolowa hulimaliza.

Anayetumia mashine ya kuoshea vyombo atazame kitako kimebonyea kiasi gani. Kikombe hulala juu chini humo, na kitako chenye shimo hutoka na ziwa dogo la maji machafu, ambalo utajimwagia kila mara hadi ujue.

Hatua ya 8: Kikiwa ni zawadi

Hapa mikono si yako tena. Kumbuka umeshaiona mikono ya huyo mtu ikoje, mikubwa au midogo, na kama viungo vinamuuma. Mzee mwenye vidole vinavyouma mletee chepesi chenye mkono wa vidole vinne, hata kama ujazo utapungua. Jina "kubwa" halina maana kwa asiyeweza kukiinua.

Kama kina picha upande mmoja, jua inatazama wapi. Anayeshika kwa mkono wa kulia huona upande ambao mkono wa kikombe uko kulia kwake. Wa mkono wa kushoto huona upande wa pili, ambao mara nyingi ni mtupu. Kwa mtu wa mkono wa kushoto, agiza picha pande zote mbili.

Vikombe vya picha na majina vinavyochapishwa siku hiyohiyo kwa kawaida hupakwa kwanza ngozi nyembamba ya plastiki, kisha wino huingizwa humo kwa joto la nyuzi 180 hadi 200. Picha hutoka safi, lakini iko kwenye plastiki, na sponji ngumu itaifuta mwaka hata mwaka. Mchoro uliochomwa tanurini hudumu zaidi. Mtu akiniuliza atoe kipi, ningesema cha picha kwa anayekiweka rafuni, cha tanuri kwa anayekitumia.

Kibandiko cha bei kikiacha gundi, paka mafuta ya kupikia, subiri dakika tano, futa. Kisha jaza karatasi laini ndani ya kikombe, na nyingine ipite katikati ya mkono kabla ya kukizungusha chote, maana mkono ndio huvunjika kwanza njiani. Boksi liache sentimita 3 au zaidi kila upande, ujaze karatasi hadi kikombe kisiweze kusogea. Litikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagonga, fungua uongeze. Usiposikia kitu, piga gundi.